Kabla Hujang'oa Mahindi: Somo Juu ya Mzabibu, Mzeituni na Hali ya Hewa Inayobadilika



Siku moja mzee mmoja kutoka upande wa Naitiri aliingia ofisini kwetu, amebeba mche ndani ya mfuko mweusi. Aliuweka juu ya meza, akavua kofia, akaniuliza, "Karani, huu ni mti gani?"

Niliyatazama majani yake membamba, ya kijani upande wa juu na ya rangi ya fedha upande wa chini. Nikamjibu, "Huu ni mzeituni, mzee."

"Basi aliyeniuzia hakunidanganya jina," akasema. "Anayo mingine mia mbili. Asema ni mti wa Biblia, hauogopi jua, wala hautaki mbolea, na mafuta yake huuzwa ghali kuliko maziwa. Mimi nina ekari mbili na nusu tu. Niambie, nisipande mahindi mwaka huu?"

Sikumjibu kwa neno moja, maana swali lake si la neno moja. Tena si yeye peke yake anayeuliza. Wako wanaouliza juu ya mzeituni, na wako wanaouliza juu ya mzabibu, hasa wale waliosikia kwamba watu wa Dodoma, Tanzania, wanavuna zabibu mara mbili kwa mwaka. Kwa hiyo katika somo hili tutaitazama mimea hii miwili, tuone inataka nini, hali ya hewa inaitendea nini huko kwao, na sisi wa Kitale na Bungoma tufanye nini. Soma polepole, na ukifika mwisho ujibu maswali.

1. Mti wa miaka mingi si kama mahindi

Ukikosea katika mahindi, kosa lako ni la msimu mmoja. Ulichagua mbegu isiyofaa, au ulichelewa kupanda. Mwaka ujao utajirekebisha. Lakini mzabibu hungojewa kama miaka mitatu kabla ya kutoa mavuno ya maana, kisha huweza kukaa shambani miaka thelathini na zaidi. Mzeituni hungojewa zaidi ya hapo, na iko mizeituni iliyoishi mamia ya miaka.

Kwa hiyo mtu anayepanda mti wa namna hii hapaswi kuuliza tu, "Je, hali ya hewa ya leo yaufaa?" Yampasa aulize pia, "Je, hali ya hewa itakayokuwako wakati wa mwanangu itaufaa?" Swali hili ni zito zaidi kwa watu wa mashamba ya makazi. Mashamba yaliyogawiwa baba zetu na babu zetu tangu 1962, huko Ndalu, Tongaren, Naitiri na kwingineko, mengi yamekwisha kugawanywa tena kwa watoto. Mwenye ekari mia akipoteza ekari moja kwa majaribio, hatalala njaa. Mwenye ekari mbili akipoteza moja, amepoteza nusu ya chakula cha nyumba yake.

2. Kila mmea una desturi yake

Mzeituni na mzabibu hulimwa sana katika nchi zinazoizunguka Bahari ya Kati, kama vile Hispania, Italia na Ugiriki. Huko mwaka umegawanyika sehemu mbili zilizo wazi. Wakati wa baridi mvua hunyesha. Wakati wa joto jua huwaka na mvua huadimika. Mimea hii miwili imeizoea desturi hiyo tangu zamani sana.

Mzeituni hautupi majani yake wakati wa baridi, lakini huihitaji baridi hiyo. Usipopata majuma kadhaa ya baridi ya kutosha, macho yake hayageuki kuwa maua. Hutoa majani tu. Na pasipo maua hapana matunda.

Mzabibu una desturi nyingine. Katika nchi za baridi hutupa majani yote ukalala usingizi, kisha huamka joto linaporudi. Lakini mzabibu waweza kudanganywa. Mahali pasipo na baridi, mkulima akiyapogoa matawi yake na kuunyima maji kidogo, unachipua upya kana kwamba umetoka usingizini. Kwa hiyo mzabibu hulimwa katika nchi nyingine za joto, lakini mzeituni huko hustawi kwa majani na mara nyingi hauzai.

3. Huko kwao nako mambo yamebadilika

Moshi wa makaa ya mawe, wa petroli na wa misitu inayochomwa umeongeza hewa ya ukaa angani, na hewa hiyo huzuia joto la dunia lisitoke. Mwaka 2024 ulikuwa wa joto kuliko miaka yote iliyopimwa. Wastani wa dunia nzima ulipita ule wa miaka ya 1850 hadi 1900 kwa digrii moja na nusu hivi.

Huenda mtu akasema, "Digrii moja na nusu ni nini? Hata chai yangu hupoa zaidi ya hapo nikiigeuzia kisogo." Lakini mmea hupima joto kwa namna nyingine. Huko Beaune, nchini Ufaransa, tarehe za kuanza kuvuna zabibu zimeandikwa tangu 1354. Wataalamu walipozisoma tarehe hizo, waliona kwamba tangu 1988 mavuno yameanza mapema kwa siku 13 hivi kuliko ilivyokuwa kawaida zamani. Zabibu ikiiva upesi katika joto kali, sukari yake huzidi na ukali wake hupungua, na mvinyo wake hauwi ule uliozoeleka.

Tena joto la mapema huleta hasara nyingine. Mwezi wa Machi 2021 kulikuwa na siku za joto nchini Ufaransa, mizabibu ikachipua mapema. Mwezi wa Aprili jalidi, ile barafu ya alfajiri, ikashuka na kuyaunguza machipukizi machanga. Wakulima waliwasha mioto usiku kucha katikati ya mistari ya mizabibu, na hata hivyo wengi walipoteza mazao yao.

Mzeituni nao umepata taabu. Hispania hutoa mafuta ya zeituni kuliko nchi yoyote duniani. Katika majira ya 2021 hadi 2022 ilikamua karibu tani milioni moja na nusu. Majira yaliyofuata, baada ya ukame na joto wakati wa maua, ilipata tani 665,000 hivi, yaani chini ya nusu. Aprili 2023, joto lilifika digrii 38.8 huko Córdoba, katika jimbo la mizeituni, kabla hata majira ya joto hayajaanza.

Kweli, wako waliofaidika. Kusini mwa Uingereza, ambako zamani baridi ilizuia, sasa kuna mashamba mengi ya mizabibu. Lakini fikiri, ndugu mkulima: ikiwa watu waliorithi kazi hii kwa vizazi vingi wanahangaika, basi mtu anayeianza leo kwa maneno ya mchuuzi wa miche atakuwaje?

4. Barabara ya Kitale na Bungoma ni kipimo

Huna haja ya kwenda Ulaya ili kuyafahamu mabadiliko ya joto. Panda matatu kutoka Bungoma kwenda Kitale, utajifunza.

Mji wa Bungoma uko kama meta 1,400 juu ya usawa wa bahari. Kitale uko kama meta 1,900. Kila unapopanda meta 100, joto hupungua kwa kadiri ya sehemu sita za kumi za digrii. Kwa hiyo meta 500 za kupanda ni kama digrii tatu za kupoa. Ndiyo sababu abiria aliyetoka Bungoma na shati jepesi hutafuta koti akikaribia Kiminini jioni.

Sasa geuza hesabu hiyo. Joto likiongezeka digrii moja, ni kana kwamba shamba lako limeteremshwa mlima kwa meta 160 hivi. Hukuhama, mipaka haikusogea, wala cheti chako cha ardhi hakikubadilika. Lakini mmea unaona kwamba umeteremka. Mkulima wa Kitale anakaribia hali ya mkulima wa Kamukuywa, na yule wa Kamukuywa anakaribia hali ya Webuye. Wakulima wa kahawa kwenye miteremko ya Elgon wamekwisha kuizoea hesabu hii, maana kahawa yao nayo huchagua kimo chake.

5. Basi, je, mzeituni utazaa kwetu?

Usiku wa Kitale kwa kawaida ni kama digrii 12, na mchana hufika digrii 25 au zaidi. Hali hii ni nzuri kwa mahindi na kwa binadamu. Lakini si baridi ya majuma mengi anayoijua mzeituni wa Hispania, kwa sababu hata usiku ukipoa, mchana wake huufuta ubaridi huo. Bungoma ni joto zaidi. Na kama tulivyoona, joto linaongezeka. Kila mwaka shamba "linateremka" kidogo na kuiacha mbali zaidi ile baridi ambayo mzeituni unaingojea.

Mtu atasema, "Mbona mizeituni iko katika misitu yetu?" Ni kweli. Uko mzeituni mwitu katika misitu mikavu ya nchi zetu za juu. Wakikuyu huuita mutamaiyo na Wamaasai huuita oloirien. Katika msitu wa Elgon uko ndugu yake, mti mrefu ambao maseremala husifu mbao zake. Lakini matunda ya mzeituni mwitu ni madogo sana, yenye nyama kidogo juu ya kokwa. Ndege huyapenda, lakini hakuna kiwanda kitakachokupa fedha kwa ajili yake.

Faida ya mti huo ni nyingine: huushika udongo, huhifadhi chemchemi, na huvumilia kiangazi. Ukiwa nao mpakani mwa shamba lako, usiukate kwa makaa. Huo ndio mzeituni uliokwisha kuizoea nchi hii.

6. Na mzabibu je?

Juu ya mzabibu jibu letu si "hapana" moja kwa moja. Kwanza tuwatazame waliofaulu.

Dodoma iko kama meta 1,100 juu ya usawa wa bahari. Mvua yake ya mwaka haifiki milimita 600 kwa kawaida, nayo hunyesha tangu Desemba hadi Aprili. Miezi mingine ni mikavu. Wakulima wa huko, kama wale wa Makutupora na Hombolo, huongoza mzabibu kwa kupogoa, wakapata mavuno mawili: moja mwanzoni mwa mwaka, na jingine kati ya Agosti na Septemba wakati wa ukavu.

Hapa Kenya zabibu za mvinyo zimevunwa karibu na Naivasha. Angalia jambo hili kwa makini, maana ndilo kiini cha somo. Naivasha iko karibu sawa na Kitale kwa kimo, yaani meta 1,900 hivi. Joto lake halipitani sana na la Kitale. Lakini mvua ya Naivasha ni kati ya milimita 600 na 700 kwa mwaka, na ya Kitale ni kama milimita 1,200, karibu maradufu. Bungoma hupata hata zaidi.

Kwa hiyo kwetu adui wa mzabibu si joto bali ni maji juu ya majani. Majani yakilowa siku baada ya siku, ukungu huingia: madoa ya njano juu ya jani, unga mweupe chini yake, kisha jani hukauka na matunda huoza yakiwa bado machanga. Ukungu wa namna hiyo uliingia Ufaransa mwaka 1878 kutoka Marekani na kuharibu mashamba mengi, mpaka mtaalamu Millardet wa Bordeaux alipotangaza mwaka 1885 dawa ya mrututu na chokaa. Dawa hiyo ingali inatumika hata leo.

7. Kalenda ya mvua haiaminiki kama zamani

Tangu kupogoa hadi kuvuna, mzabibu wa nchi za joto huchukua kama miezi minne. Kwetu miezi mikavu ni Desemba, Januari na Februari. Basi hesabu ni rahisi: pogoa mwishoni mwa Oktoba, zabibu ziive Februari katika jua, uvune kabla ya mvua za Machi na Aprili.

Ndivyo ilivyo katika karatasi. Lakini kumbuka mwaka 2019. Mvua za kupandia zilichelewa. Wengi wenu mlikaa na mbegu nyumbani mkitazama mawingu. Kisha mwisho wa mwaka, wakati tuliotazamia kuanika mahindi, mvua ilikataa kukatika. Usiku wa kuamkia tarehe 23 Novemba 2019 udongo uliporomoka kwa jirani zetu wa Pokot Magharibi na kuua watu wengi. Mtu aliyepogoa mzabibu Oktoba mwaka ule angechipuza majani mororo katikati ya mvua, na ukungu ungeyala yote.

Sababu moja ni hii: hewa yenye joto hubeba mvuke mwingi zaidi, kama asilimia 7 kwa kila digrii moja inayoongezeka. Basi mvua inapokuja, huweza kuja kwa nguvu zaidi. Hatuwezi kusema kwamba kila mwaka utakuwa kama 2019. Lakini hatuwezi tena kuapa kwamba Novemba itakuwa ya jua.

8. Ukitaka kujaribu, jaribu hivi

Yafaa kujaribu, asiyejaribu hajifunzi. Lakini jaribu kwa kadiri ambayo ukishindwa utacheka, usije ukalia.

(a) Panda miche kumi tu karibu na nyumba, si ekari nzima. Mahindi na maharagwe yabaki mahali pake.

(b) Muulize anayekuuzia: mche huu ni wa aina gani, ulitoka wapi, na mama yake amezaa wapi hapa Kenya? Akishindwa kukuonyesha mmoja uliozaa mahali penye mvua kama yetu, rudisha fedha mfukoni.

(c) Chagua mahali pa mteremko mdogo pasipotuama maji, penye upepo wa kupita. Panda juu ya tuta.

(d) Simamisha nguzo na waya, uutandaze mzabibu juu ya waya ili jua na hewa viingie. Ukiweza, funika mstari kwa paa dogo la nailoni nyeupe. Jani lisilolowa haliugui upesi.

(e) Pogoa mwishoni mwa Oktoba, lakini kwanza sikiliza utabiri wa Idara ya Hali ya Hewa. Ikisemwa kwamba mvua zitaendelea, chelewa majuma mawili au matatu, au pogoa mitano na kuiacha mitano. Usichelewe kupita hapo, zabibu zisije zikakutwa na mvua za Machi.

(f) Dawa ya ukungu: yeyusha kilo 1 ya mrututu katika lita 50 za maji, katika pipa jingine koroga kilo 1 ya chokaa iliyozimwa katika lita 50. Kisha mimina maji ya mrututu ndani ya maji ya chokaa ukikoroga. Kwa miche kumi gawanya hesabu hii kwa kumi. Tumia vyombo vya plastiki au vya mbao, maana mrututu hula chuma. Tumbukiza msumari safi ndani ya dawa kwa dakika moja. Ukitoka na rangi nyekundu ya shaba, ongeza chokaa. Tumia dawa siku ileile, ukivaa glavu na kufunika pua, na usinyunyize zabibu zikikaribia kuiva. Kabla ya kuanza, mwonyeshe bwana shamba au bibi shamba wa wadi yako.

9. Daftari la mvua

Jambo la mwisho halihitaji fedha nyingi. Weka kipimo cha mvua mahali pa wazi, mbali na miti na paa. Kila siku saa tatu asubuhi soma milimita, uandike katika daftari. Mpe kazi hiyo mtoto anayekwenda shule. Atajifunza hesabu, nawe utajifunza shamba lako. Baada ya miaka mitano utakuwa na jambo ambalo hakuna mchuuzi aliye nalo: utajua mvua ya shamba lako, wala hutategemea kumbukumbu ya baraza au ahadi za sokoni. Ndipo utakapoweza kuchagua mti wa miaka thelathini, uwe mzabibu, kahawa, parachichi au mwingine.

Sasa juu ya yule mzee. Nilipomweleza mambo haya, alinyamaza kitambo, kisha akauliza, "Kwa hiyo mti huu niutupe?" Nikamwambia, "La, mzee, umekwisha kuununua. Uupande langoni." Alirudi ofisini mwezi wa Mei kuulizia mbolea ya kukuzia. Mahindi yake yalikuwa yamefika magotini. Nikamwuliza habari za mzeituni. "Haujambo," akasema. "Mama watoto asema mwaka ujao tutakata vitawi vyake Jumapili ya Matawi. Hiyo ndiyo mavuno yake."

Alicheka, nami nikacheka. Ile miche mia mbili hakuinunua.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini kosa la kupanda mzeituni ni kubwa kuliko kosa la kuchagua mbegu ya mahindi?
2. Mzeituni unahitaji nini ili utoe maua, na kwa nini ni vigumu kukipata Kitale na Bungoma?
3. Joto likiongezeka digrii moja, ni kana kwamba shamba lako limeteremshwa meta ngapi?
4. Kitale na Naivasha ziko karibu kimo kimoja. Kwa nini basi mzabibu husumbuka zaidi Kitale?
5. Mvua ya Novemba 2019 ingemdhuru vipi mtu aliyepogoa mizabibu yake Oktoba?
6. Taja maswali matatu ya kumwuliza mchuuzi wa miche kabla ya kutoa fedha.

Mkiwa na kikundi, someni kwa sauti, mmoja aulize na wengine wajibu. Asiyejua kusoma asomewe. Shamba lake ni shamba kama la mwingine.